Somo letu: Kuoka keki kwa sufuria, na hesabu yake



Tunapopita nyumba kwa nyumba kuzungumza juu ya usafi na lishe, mara nyingi mama akishatujibu yetu hutuuliza na lake. Swali moja limerudi sana, hasa zinapokaribia sikukuu za Krismasi na Idd, au mtoto anapobatizwa: "Keki inaokwaje hapa kwetu, ambako hakuna umeme wala oveni?" Wengine wanadhani keki ni kitu cha watu wa mjini, cha kununuliwa Kasulu au Kigoma na kuletwa ndani ya boksi. Si kweli. Keki nzuri inaokwa kwa sufuria na makaa, hapa hapa Nyarugusu, na katika somo hili tutaonyesha namna.

Lakini kuna swali la pili ambalo watu hawaulizi, nalo ndilo lililonifanya niombe nafasi katika karatasi hii. Keki hiyo itakula nini cha nyumbani?

Nitasema kwanza kosa langu mwenyewe. Wazazi wangu walifika hapa kutoka Kivu ya Kusini wakati kambi inaanza, mwaka 1996, nami nikazaliwa hapa hapa. Nilipokuwa darasa la mwisho la sekondari nilitaka fedha ya viatu na madaftari. Nikamshawishi mama tubadilishe debe moja la unga wa mahindi wa mgao kwa sukari na unga wa ngano, nikaange mandazi na kuoka keki ndogo za kuuza. Nilimwambia kwamba katika wiki moja unga utarudi na faida juu yake. Mandazi yalikuwa matamu, watu waliyasifu. Wadogo zangu walikula, majirani walikopa, na mimi sikuandika chochote. Ilipofika siku ya 19 ya mwezi, nyumbani hapakuwa na unga, wala sukari, wala fedha. Tulikula mara moja kwa siku hadi siku ya mgao. Mama hakunigombeza, na hilo liliniuma zaidi kuliko kama angenigombeza.

Kwa hiyo somo hili lina sehemu mbili: moto na hesabu. Mwenye kujua moto peke yake ataoka keki nzuri na kulala njaa.

KUTENGENEZA OVENI YA SUFURIA

Oveni ni kisanduku tu chenye joto pande zote. Sufuria iliyokaa juu ya mafiga ina joto la chini peke yake. Ndiyo maana anayejaribu kuoka kama anavyopika ugali hupata keki iliyoungua chini na mbichi juu. Dawa yake ni kuweka moto juu pia.

Tafuta sufuria kubwa kuukuu yenye mfuniko wa bapa, na sufuria ndogo inayoingia ndani yake bila kugusa pembeni. Ndani ya ile kubwa mwaga mchanga mkavu na safi, kina cha vidole viwili. Mchanga unazuia moto wa chini usishike sufuria ndogo moja kwa moja, na unatunza joto hata makaa yakipungua. Usitumie sufuria unayoithamini, maana kazi hii inaichakaza.

Gawa makaa yako mafungu matatu. Fungu moja liende chini, mafungu mawili yaende juu ya mfuniko. Watu wengi hufanya kinyume. Joto hupanda, kwa hiyo makaa ya chini yanafanya kazi kubwa hata yakiwa machache, na yale ya juu yanahitaji kuwa mengi ili joto lake lifike kwenye keki. Tumia makaa yaliyokwisha kuwaka na kutulia, sio ndimi za moto. Mwenye kuni naye anaweza, ila asubiri kuni ziishe kuwaka zibaki makaa mekundu.

Kabla ya kuweka keki, funika sufuria hiyo tupu na iache ipate moto dakika kumi. Kisha nyunyiza unga kidogo ndani ya sufuria ndogo ambayo haijapakwa mafuta, iweke ndani, funika, hesabu dakika tano. Unga ukibaki mweupe, ongeza makaa. Ukiwa mweusi, punguza yale ya chini. Ukigeuka rangi ya majani makavu, moto unafaa. Huna saa? Redio ya jirani, au kuimba wimbo mmoja wa kanisani wenye beti nyingi, vimenisaidia siku nyingi.

Hapa naomba tusikilizane vizuri. Oka nje, au katika jiko lililo wazi pande zote. Mkaa ukiwaka katika chumba kilichofungwa hutoa hewa ya sumu isiyo na rangi wala harufu. Mtu huona kichwa kinamuuma, anasinzia, na anaweza asiamke tena. Usiingize jiko la mkaa ndani usiku ati keki imalizike au nyumba ipate joto, hata kama makaa yanaonekana yamefifia. Na usioke chini ya shitingi au karibu na paa la nyasi: cheche moja kutoka juu ya mfuniko siku ya upepo inatosha kuondoka na nyumba zaidi ya moja.

KEKI YA NDIZI

Nimechagua keki ya ndizi kwa sababu ndizi mbivu zinapatikana kwa urahisi, na zile zilizoanza kuwa nyeusi, ambazo muuzaji anataka ziondoke, ndizo nzuri zaidi. Zina utamu wake, kwa hiyo sukari inapungua, na unyevu wake unaifanya keki isikauke upesi.

Kikombe ninachosema ni kile cha kawaida cha chai cha plastiki. Ukubwa wake sio jambo kubwa, ila utumie kile kile mwanzo hadi mwisho. Unahitaji unga wa ngano kikombe kimoja na nusu, unga wa mahindi uliochekechwa vizuri nusu kikombe, sukari nusu kikombe, ndizi mbivu tatu za wastani, mayai mawili, mafuta theluthi moja ya kikombe, bekin pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo ya kushika kwa vidole viwili, na maji safi au maziwa theluthi ya kikombe.

Nawa mikono kwa sabuni. Chekecha unga wa aina zote mbili pamoja na bekin pauda na chumvi, uweke pembeni. Katika bakuli jingine ponda ndizi hadi ziwe kama uji mzito, tia sukari na mafuta, piga kwa mwiko. Mayai yavunje moja moja katika kikombe cha pembeni kwanza, kwa sababu yai moja bovu likiingia ndani ya bakuli umepoteza kila kitu. Yapige ndani ya ndizi hadi mchanganyiko uwe mwepesi na wenye povu. Fanya kazi hii kwa nguvu na usiharakishe, hewa unayoingiza hapa itasaidia keki kupanda.

Sasa mimina ule unga mkavu na maji kidogo kidogo, koroga taratibu mpaka unga usionekane tena, kisha ACHA. Hapa ndipo wengi wanapoharibu. Unga wa ngano una kitu ndani yake kinachovutika kama mpira ukilowa na kukandwa. Katika mandazi na mkate tunakitaka, ndiyo maana tunakanda. Katika keki, ukikoroga sana inakuwa ngumu kama soli ya kandambili.

Paka mafuta sufuria ndogo, nyunyiza unga kidogo uizungushe, kisha mimina mchanganyiko. Usijaze kupita nusu, maana utapanda. Iweke haraka kwenye moto, kwa kuwa bekin pauda huanza kutoa mapovu mara tu inapolowa, na mapovu hayo hayamsubiri mtu aliyekwenda kuteka maji bombani.

Usifunue kabla ya dakika 25. Katikati ya keki bado ni uji wakati huo, na hewa baridi ikiingia itaanguka na haitainuka tena. Baada ya hapo ondoa majivu juu ya mfuniko, ongeza makaa kama yamekufa, na chungulia mara moja tu. Kwa kawaida inaiva kati ya dakika 40 na 50. Chomeka kijiti safi katikati: kikitoka kikavu, imeiva. Iepue, iache dakika kumi ndani ya sufuria ndipo uigeuze. Anayeikata ikiwa moto hupata mabonge.

Kuhusu unga wa mahindi, najua mtu atauliza: kwa nini tusitumie mahindi peke yake, wakati ndiyo tunayopewa? Mahindi hayana kile kitu cha kuvutika. Mapovu yanapanda na kutoka zake, keki inabaki nzito na kumeguka. Robo moja ya mahindi kwa robo tatu za ngano haionekani kabisa. Nusu kwa nusu inaliwa, ila ongeza yai na uikate vipande vikubwa. Zaidi ya hapo ni ugali wenye sukari.

Mafuta ya mgao yanafaa. Mawese ya Kigoma yanafaa pia, yanaipa keki rangi nzuri ya dhahabu, ila yana ladha yake na wengine hawaipendi kwenye kitu kitamu. Mwenye asali anaweza kuitumia badala ya sukari, apunguze maji kidogo, na moto wa juu uwe wa wastani kwa sababu asali huungua upesi. Keki yenye asali asipewe mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja. Na mtoto wa chini ya miezi sita haonjeshwi kitu chochote, hata kwa ncha ya kidole siku ya ubatizo wake. Ni ziwa la mama peke yake.

UNGA AMBAO SI WA KEKI

Sasa jambo ambalo si rahisi kulisema kwa jirani. Ule unga wa uji wa lishe unaotolewa kliniki kwa mtoto aliyepungua uzito, kwa mama mjamzito au anayenyonyesha, unatoa keki laini na tamu. Najua hivyo kwa sababu nimeila. Vile vile pakiti za lishe za karanga, ambazo watoto wanazifyonza, nimeziona zikipakwa juu ya keki kama siagi, au zikiuzwa.

Ndugu zangu, mtoto anayepewa pakiti hizo amepimwa mkono na uzito, na kiasi alichopewa kimehesabiwa kwa siku. Sio zawadi ya nyumba, ni dawa yake. Pakiti mbili zikitoka kwenye dawa hiyo kila siku, mtoto haongezeki, mama anaambiwa arudi tena, na kliniki wanashangaa. Najua kwa nini inatokea. Tangu mgao ulipopunguzwa mwaka 2023 wengi tulijifunza kutafuta sabuni na chumvi ndani ya kitu chochote kinachouzika. Simhukumu mtu. Lakini ukihitaji kitu cha kuuza, uza kingine. Na kama kaka na dada za huyo mtoto wanalia kwa kuwa yeye anakula kitamu na wao hawali, wapikie hao mandazi, mwache na pakiti yake.

MANDAZI NA KASHATA, KWA KIFUPI

Mandazi kila mmoja ana mkono wake. Wenzetu Warundi wana ibitumbura vyao, na sina la kuwafundisha hapo. Kwa anayeanza: unga wa ngano nusu kilo, sukari robo kikombe, hamira kijiko kimoja cha chai, chumvi kidogo, na maji ya uvuguvugu ya kukandia. Maji yakiwa ya moto sana hamira inakufa na mandazi hayaumuki. Jaribu kwa kidole: yasikuchome. Kanda dakika kumi, funika, acha saa moja au zaidi kukiwa na baridi, kata, acha tena kidogo, kaanga kwa moto wa wastani.

Kashata za karanga zinahitaji karanga zilizokaangwa vikombe viwili, sukari kikombe kimoja, na maji vijiko vitatu. Chambua karanga kwa uangalifu. Zenye ukungu, zilizosinyaa au chungu zitupe, usizifiche ndani ya sukari, kwa sababu ukungu huo una sumu inayodhuru ini na kukaanga hakuiondoi. Yeyusha sukari na maji hadi iwe ya kahawia, tia karanga, koroga upesi, mimina juu ya ubao uliopakwa mafuta, na ukate kabla haijagandamana.

Watoto wakae mbali. Sukari iliyoyeyuka inaunguza kuliko maji yanayochemka, tena inang'ang'ania ngozi. Mtu akiungua, mwagia mahali hapo maji safi ya baridi kwa dakika 20, mfululizo, kisha funika kwa kitambaa safi na mpeleke hospitali. Usipake dawa ya meno, yai, mafuta wala majivu. Mafuta ya kukaangia yakishika moto, yafunike kwa mfuniko na utoe kuni chini. Usimwagie maji: moto utaruka juu.

HESABU

Chukua daftari. Tufanye hesabu ya ile keki ya ndizi moja. Bei hizi ni za mfano tu, wewe weka za soko lako. Unga wa ngano shilingi 400, unga wa mahindi 100, sukari 300, ndizi tatu 300, mayai mawili 1,000, mafuta 400, bekin pauda 100, mkaa 500. Jumla ni shilingi 3,100.

Utaona nimeandika bei ya unga wa mahindi na mafuta ingawa vimetoka kwenye mgao. Lazima. Ulivyotumia leo utavinunua mwisho wa mwezi, au utalala bila kula. Hilo ndilo kosa langu la wakati ule: kila kilichotoka ndani nilikiona ni bure.

Keki hiyo inatoa vipande 16. Kwa shilingi 200 kila kimoja unapata 3,200. Faida ni shilingi 100, kwa kazi ya karibu saa mbili. Sasa watoto wako wale vipande vitatu na jirani akope viwili asilipe. Umebaki na vipande 11, yaani shilingi 2,200. Umepoteza 900, na watu wote wamesema keki yako ni tamu sana.

Ufanye nini? Angalia palipo na fedha nyingi. Mayai ndiyo ghali kuliko yote. Tumia yai moja na uongeze ndizi ya nne: gharama inashuka hadi 2,700, na keki inazidi uzito kidogo tu. Kisha oka keki mbili mfululizo, maana makaa ya keki ya kwanza bado yana nguvu na ya pili itahitaji nyongeza ya shilingi 200 tu badala ya 500. Sasa keki mbili zinakugharimu 5,100 na zinaleta 6,400. Faida ni 1,300. Si utajiri, lakini ni faida ya kweli. Ukiwa na jirani mnaoelewana, okeni kwa zamu juu ya moto mmoja. Akina mama wanaokwenda porini kutafuta kuni wanajua kila mzigo una hatari gani njiani, na moto wa watu wawili ni safari moja iliyopungua.

Vipande vya watoto viweke katika hesabu tangu mwanzo. Kata vipande 16, toa vitatu vyao kabla hujatoka nje, na uandike kwamba vya kuuza ni 13. Mtoto akimwona mama yake anauza keki bila yeye kuonja, hiyo nayo ni gharama, ingawa daftari halina mstari wake. Kwa mkopo, fungua ukurasa mmoja: jina, vipande, tarehe. Wa kwanza kuandikwa awe ndugu yako wa damu, ili wengine wasinune.

Funika keki kwa kitambaa safi, nzi wasitue, na shika kwa uma au karatasi safi unapouza. Karatasi iliyoandikwa kwa wino au gazeti isigusane na chakula. Keki ya ndizi inakaa siku mbili, wakati wa joto siku moja na nusu. Ikianza kunata na kutoa harufu ya pombe, itupe. Na kabla ya kuanza kuuza, muulize kiongozi wa kijiji chako ni wapi na saa ngapi inaruhusiwa, usije ukanyang'anywa sinia.

ZOEZI LA KIKUNDI

Mama mmoja ana nyumba ya watu sita. Zimebaki siku tisa hadi mgao. Ana unga wa mahindi wa kutosha siku kumi, mafuta kidogo, na shilingi 3,000. Mtoto wake wa mwisho anatimiza mwaka mmoja keshokutwa, na anataka kumwokea keki. Je, aoke? Kama ndiyo, ya ukubwa gani, na auze vipande vingapi ili shilingi 3,000 zirudi? Fanyeni hesabu kwa bei za soko leo, muandike majibu, nasi tutakapopita tutayaangalia pamoja. Nitakuja na sufuria yangu ya mchanga kwa wanaotaka kuona moto wa juu kwa macho yao. Ninyi leteni makaa.